Jumuiya inayoendeshwa kwa simu za wakubwa

Januari 2024 Kenya iliinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania kibali cha kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu, Tanzania nayo ikajibu tarehe 15 mwezi huohuo kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways zisitue tena Dar. Mitandaoni kukawaka moto, Wakenya na Watanzania wakatupiana maneno usiku kucha kama kawaida yetu, ila ishu haikufika mbali. Mawaziri wa mambo ya nje, Musalia Mudavadi na January Makamba, wakaongea kwa simu, wakatangaza kwamba wameelewana na mamlaka za anga zitayamaliza, na kweli zikayamaliza, tarehe 22 ikapita ndege zinaruka kama siku zote.

Watu wengi walishangilia, wakasema si unaona undugu huo. Mimi ule mwisho ndo ulinipa wasiwasi kuliko hata marufuku yenyewe. Kwa sababu ukifuatilia zile siku mbili tatu hakuna mahali ambapo mtu alikaa akauliza mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unasemaje, nani kauvunja, na aliyeuvunja anawajibishwa vipi. Arusha, ambako ndo makao makuu ya Jumuiya, ambako kuna sekretarieti, kuna bunge na kuna mahakama, haikuamua chochote. Mambo yaliamuliwa na watu wawili wenye namba za simu za wenzao, na siku ile bahati nzuri walipokeleana.

Hilo ndo tatizo la huu ushirika wetu na naomba tuliangalie kwa umakini. Tuna nchi nane sasa hivi: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini iliyoingia 2016, Kongo iliyoingia 2022 na Somalia iliyoingia 2024. Tuna umoja wa forodha tangu 2005, tuna soko la pamoja tangu Julai 2010, tuna itifaki ya sarafu moja iliyosainiwa Kampala 2013 ambayo ilitakiwa itupe hela moja 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031. Karatasi zipo nyingi na nyingine zimeandikwa vizuri kabisa. Lakini wakubwa wakiwa wanaongea, mambo yanaenda hata kama sheria imekaa vibaya, na wasipoongea mambo yanakwama hata kama sheria iko wazi kabisa.

Chukua Gatuna. Ule mpaka wa Rwanda na Uganda ulifungwa na Rwanda mwishoni mwa Februari 2019, Kigali ikisema raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba Kampala inawalea wapinzani wake, Uganda ikakana. Hizi ni nchi mbili zilizo ndani ya soko la pamoja, ambapo kwa mujibu wa itifaki iliyoanza kazi 2010 watu, bidhaa, mitaji na huduma vinatakiwa vipite. Mpaka ukakaa umefungwa karibu miaka mitatu! Na waliojaribu kusuluhisha walikuwa akina nani? Mwezi Agosti 2019 Kagame na Museveni walisaini makubaliano Luanda, Angola, wapatanishi wakiwa João Lourenço wa Angola na Felix Tshisekedi wa Kongo, na wakati huo hakuna hata mmoja kati ya hao wawili ambaye nchi yake ilikuwa mwanachama wa Jumuiya. Ugomvi wa ndani ya nyumba ukapelekwa nje kwa majirani. Hata hivyo mpaka haukufunguka, ulikuja kufunguliwa 31 Januari 2022, siku chache tu baada ya Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Museveni ambaye wakati huo alikuwa kamanda wa majeshi ya nchi kavu, kwenda Kigali kumuona Kagame. Nashukuru alienda. Ila sasa soko la pamoja la mamilioni ya watu lilikuwa linasubiri mtoto wa rais apande ndege, na kama asingepanda je?

Miaka miwili baadaye, Januari 2024, Burundi nayo ikafunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu Rwanda kuwasaidia RED-Tabara, waasi wanaopigana na serikali ya Burundi, Rwanda ikakana. Hapo napo kwa mfanyabiashara wa kawaida aliyekuwa anavuka asubuhi kwenda kuuza na kurudi jioni hakukuwa na dirisha lolote la kwenda kugonga.

Na huyu mfanyabiashara wa kawaida ndo nataka tumuangalie kidogo, maana ukisoma hotuba za wakuu wa nchi yeye ndo anatajwa sana, Jumuiya ya watu, Jumuiya ya wananchi. Fikiria mtu anayenunua vitunguu Mang'ola kule Karatu anavipeleka Kenya kupitia Namanga. Mzigo wake hauzidi dola 2,000, kwa hiyo ana haki ya kutumia kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, anajaza pale pale mpakani, anapita bila ushuru wa forodha. Huo ni mfumo mzuri na umesaidia akina mama wengi, nausifia bila kusita. Lakini bado anahitaji cheti cha afya ya mimea, bado kuna vibali na tozo za halmashauri njiani, na siku moja akifika anaweza kukuta upande wa pili wametoa tangazo jipya asubuhi ile. Vitunguu havisubiri kikao cha mawaziri. Vikikaa kwenye lori siku nne tano kwenye joto vinaanza kuota na kuoza, mtaji umekwenda, na huyu mtu hana namba ya waziri yeyote.

Tuliona kwenye mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Malori yalikuwa tayari barabarani, yakapanga foleni Namanga. Sasa hapa lazima niwe muungwana, sumukuvu sio kisingizio cha kutunga. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, kwa hiyo serikali inayoogopa sumukuvu ina sababu ya kuogopa. Ila Jumuiya ina kiwango cha pamoja cha mahindi, kinachosema kiasi gani cha sumu kinakubalika, na kazi ya kiwango cha pamoja ni kwamba lori linapimwa, likifaulu linapita na likifeli linarudi. Kufungia nchi nzima mbili kwa barua moja bila notisi ni kitu kingine kabisa. Ndani ya siku chache Kenya ikalegeza, ikaweka masharti ya usajili na vyeti, alafu Mei mwaka huohuo Rais Samia akaenda Nairobi akakaa na Uhuru Kenyatta na vikwazo kadhaa vikaondolewa. Tena tukashangilia undugu.

Na sisi Watanzania tusijifanye wasafi. Mwishoni mwa 2017 tulichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya pale Namanga, tukisema tunazuia mafua ya ndege, na kabla ya hapo tukapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho. Wale wafugaji ni Wamasai, ndugu zao wako upande huu, mpaka ulichorwa na Wazungu katikati ya ukoo mmoja. Hata kama sheria ya mifugo ilikuwa upande wetu, namna ile ya kufanya iliacha kidonda na hadi leo Mkenya ukibishana naye kuhusu Jumuiya atakutajia vifaranga.

Julai 2025 tukatoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo uwakala wa miamala ya simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani. Najua sababu yake. Kariakoo ilikuwa imejaa malalamiko kwamba wageni, hasa Wachina, wamehama kutoka uwekezaji mkubwa wakaanza kuuza rejareja na kugombania mteja mmoja na machinga wa Kitanzania, na serikali ilitakiwa ifanye kitu. Mimi naunga mkono mtu mdogo kulindwa na mtaji mkubwa wa mbali. Lakini agizo halikutenganisha, lilisema asiye raia, na Mkenya au Mganda au Mrundi ni asiye raia vilevile, wakati itifaki ya soko la pamoja tuliyosaini wenyewe inampa huyo haki ya kujiajiri hapa kama sisi tulivyo na haki ya kujiajiri kwao. Wakenya wakapiga kelele, wengine wakataka serikali yao ilipize. Mstari mmoja tu wa kuwatenga raia wa Jumuiya ungetosha kutuweka upande wa sheria. Kwanini haukuwekwa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hakuna aliyeogopa kuvunja itifaki, maana kuivunja hakuna gharama.

Haya mambo sio mageni, wazee wetu walishayapitia. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 1967, na ilikuwa imeshikana kuliko hii ya sasa kwa mbali sana. Tulikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, bandari moja, posta na simu moja. Makao makuu yaligawanywa kwa akili ili kila mmoja ajisikie mwenye nyumba, reli na ndege Nairobi, bandari Dar, posta na simu Kampala, makao ya Jumuiya yenyewe Arusha. Alafu tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, rais wa Uganda. Nyerere akakataa kukaa meza moja na Amin, na mimi simlaumu, kwa damu ile iliyomwagika Uganda angekaaje naye. Lakini angalia kilichofuata: chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa marais watatu, marais watatu hawakutani tena, basi kichwa cha Jumuiya kikawa hakipo. Chini yake mashirika yakaanza kugombania hela, kila nchi ikashikilia mapato yaliyokusanywa kwake isiyapeleke makao makuu. Kulikuwa na malalamiko mengine ya kweli pia, Tanzania na Uganda zikisema viwanda vyote viko Kenya na faida ya soko inakwenda huko, na Tanzania ya Ujamaa na Kenya ya ubepari zilikuwa zinavuta kamba pande mbili tofauti. Yote hayo yangeweza kujadiliwa kama kungekuwa na mahali pa kujadili pasipotegemea sura ya rais. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikafa, Kenya ikaanzisha shirika lake, Februari Tanzania ikafunga mpaka, na magari ya utalii ya Kenya yaliyokuwa upande huu yakabaki huku. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983.

Kugawana mali kulichukua miaka. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alizunguka miji mitatu hadi makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Waliolipia zaidi ni wafanyakazi. Wale wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, mafundi wa reli, makarani wa posta, watu wa bandari, waliodai mafao yao hapa Dar miaka na miaka, wakaandamana wakiwa wazee wa fimbo, wakaenda mahakamani, wengine wakafa wanadai. Nyerere na Kenyatta walizikwa kwa heshima zao. Mtu aliyefunga nati za reli miaka 20 ndo aliyelala bila pensheni. Kila nikisikia mtu anasema Jumuiya ni mambo ya wakubwa huwa nawakumbuka wale wazee, maana wao walijua ni mambo ya nani.

Kwa hiyo walioandika mkataba mpya, ule uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na Mkapa, Moi na Museveni ukaanza kazi Julai 2000, walikuwa na hili kichwani. Ndo maana wakaweka mahakama, na wakaruhusu hata raia wa kawaida apeleke kesi. Hicho ni kitu kikubwa sana, nchi nyingi za dunia hii hazijampa raia wake nafasi hiyo. Lakini sasa sikia kilichotokea mara ya kwanza mahakama ilipong'ata.

Mwaka 2006 Kenya ilitakiwa ichague wabunge tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba unasema bunge la nchi ndo lichague. Kenya ikapitisha majina yaliyopangwa na vyama bila uchaguzi halisi bungeni. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaenda Arusha, na tarehe 27 Novemba mahakama ikazuia wale wabunge wasiapishwe. Uapisho ukasimama, bunge zima likashindwa kuanza. Ingekuwa ni nafasi ya wakubwa kusema sawa, tulikosea, turudie. Badala yake katikati ya Desemba, wiki tatu hazijaisha, wakuu wa nchi wakakutana wakabadilisha mkataba! Wakaigawa mahakama kuwa ya awali na ya rufaa, wakaongeza sababu za kumsimamisha na kumuondoa jaji zinazotegemea yanayompata nchini kwake, wakaweka kwamba raia anayelalamika apeleke kesi ndani ya miezi miwili la sivyo basi. Mkataba ambao kwenye mambo ya wananchi unachukua miaka kuguswa, uliguswa kwa wiki kadhaa kwa sababu umemgusa mkubwa. Majaji walisimama imara, Machi 2007 wakaamua kwamba Kenya haikufanya uchaguzi, na Kenya ikarudia. Chama cha mawakili cha Afrika Mashariki kikayapinga yale marekebisho, mahakama ikasema wananchi walitakiwa kushirikishwa na hawakushirikishwa, ila haikuyafuta. Yakabaki. Yapo hadi leo.

Hiyo miezi miwili ndo inayoniuma. Kampuni kubwa yenye mawakili inaiwahi, na kuna mfano, BAT ya Uganda, kampuni ya sigara, ilikwenda Arusha kupinga Uganda kutoza sigara zinazotoka Kenya ushuru mkubwa kuliko za ndani, ikashinda Machi 2019. Safi kabisa. Ila muuza vitunguu wetu ana miezi miwili ya kugundua kwamba alichofanyiwa kinavunja mkataba, kutafuta wakili, kufika Arusha. Na hata akishinda, utekelezaji unaachiwa serikali ileile iliyomkosea.

Kuna mambo mengine ambayo nchi zinatofautiana kihalali na sioni shida, mradi ziseme wazi. Ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya tulijadiliana pamoja hadi 2014, alafu Kenya na Rwanda wakasaini 2016, Tanzania ikagoma, mwisho Kenya ikaendelea peke yake na mkataba wake ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Wengi walimtukana Mkenya kwamba ni msaliti. Lakini angalia hesabu yake: sisi wengine tupo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, tunaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila kusaini chochote, Kenya haipo kwenye hilo kundi na maua yake ya Naivasha yangetozwa. Na sisi tuliogopa viwanda vyetu vichanga kumezwa na bidhaa za Ulaya, nadhani tulikuwa sahihi kuogopa. Mkutano wa wakuu wa nchi Februari 2021 ukaruhusu walio tayari waendelee, na mkataba wetu unaruhusu nchi kwenda kwa mwendo tofauti. Hapo kanuni ilitumika, na ndo maana hakuna mpaka uliofungwa.

Kinachovunja soko ni ile ya chini chini. Mchele kwa mfano. Ushuru wa pamoja kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 75, lengo ni kumlinda mkulima wa Kyela, Mbarali, Mwea ya Kenya, wote. Lakini Kenya huwa inaomba na kupewa ruhusa ya kutoza 35, kwa sababu inakula mchele mwingi kuliko inaolima na mwananchi wake anataka bei nafuu. Kila Juni wakati wa bajeti kila nchi inakuja na orodha yake ya vitu inavyoomba kutofuata ushuru wa pamoja, huyu mchele, yule chuma, mwingine nguo, orodha inachapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya na inakuwa halali. Matokeo yake mchele wa Pakistan unaingia Mombasa kwa ushuru mdogo, alafu afisa wa mpakani upande wa Tanzania kila akiona gunia linatoka Kenya anajiuliza hili limelimwa Mwea au limeshushwa melini, analizuia, na mkulima wa kweli wa Mwea anaumia pamoja na mjanja. Ukisikia biashara kati yetu wenyewe iko kwenye takriban asilimia 15 tu ya biashara yetu yote, sehemu ya sababu ni hiyo.

Tumefika Kongo, na hapa naandika kwa uchungu. Kongo ilisaini kuingia Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Tarehe 13 Juni mwaka huohuo, hata hati za kukamilisha uanachama hazijawasilishwa, waasi wa M23 wakauteka mji wa Bunagana mpakani na Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba Rwanda inawasaidia M23, Rwanda inakana na inasema tatizo lake ni FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, na usalama wake. Jumuiya ikapeleka kikosi Novemba 2022 kikiongozwa na Mkenya. Kinshasa ilitaka kikosi kipigane, kikosi kikasema kazi yake ni kusimamia waasi kuondoka, wakakosana, Desemba 2023 kikafungasha. Nafasi yake ikachukuliwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa askari wa Afrika Kusini na Malawi na Tanzania, kwa sababu Kongo ni mwanachama wa SADC pia. Burundi ilikuwa na askari wake kule kwa makubaliano na Kinshasa, Uganda ilikuwa na wake tangu Novemba 2021 ikiwafuata ADF, waasi wenye asili ya Uganda.

Sasa pima hiyo picha. Askari wa Tanzania, Burundi na Kongo upande mmoja, na upande wa pili kundi ambalo Umoja wa Mataifa unasema linasaidiwa na Rwanda, na hizo nchi zote nne zinakaa meza moja Arusha kuzungumzia ushuru wa saruji. Goma ikaanguka mwishoni mwa Januari 2025. Wakuu wa Jumuiya wakaitana haraka tarehe 29 na Tshisekedi hakutokea. Tarehe 8 Februari ukafanyika mkutano wa pamoja wa Jumuiya yetu na SADC hapa Dar, wakaagiza vita visimame, na wiki iliyofuata Bukavu nayo ikachukuliwa. Makubaliano ya Kongo na Rwanda yakaja kusainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, na mazungumzo ya Kinshasa na M23 yakawa Doha. Watu wa Goma wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe, wanafuata mpira wetu, wanasikiliza nyimbo zetu, bidhaa zao zinapita bandari ya Dar na Mombasa, na hatima yao imejadiliwa Marekani na Qatar kwa sababu nyumbani hatukuwa na chombo ambacho pande zote mbili zinakiheshimu. Sisemi Jumuiya ingemaliza vita vya miaka 30. Nasema tulimkaribisha ndugu ndani huku tukijua nyumba inaungua upande wake, na hatukuwa na utaratibu wowote wa nini kinafanyika mwanachama mmoja akimtuhumu mwenzake kumvamia. Mkataba unazungumzia kumsimamisha na hata kumfukuza mwanachama, ila maamuzi ya wakuu wa nchi yanatakiwa kuwa ya maafikiano, na hata kama anayetuhumiwa mwenyewe hahesabiwi, kwenye meza ya maafikiano mwingine mmoja akisema hapana jambo linakufa.

Hela nayo ni hivyohivyo. Kwa miaka mingi michango imekuwa sawa kwa kila nchi, Kenya na Burundi kiasi kilekile, kitu ambacho kwa Burundi kimekuwa mzigo wa kweli. Wengine wanalipa, wengine wanadaiwa miaka, na madeni yamefika mahali Bunge la Afrika Mashariki limekuwa likiahirisha vikao kwa kukosa fedha. Mdaiwa anakaa kwenye kikao, anapiga hapana yake, na hakuna kinachomkuta, ingawa mkataba wenyewe unasema anayeshindwa kutimiza wajibu wake wa kifedha achukuliwe hatua watakayoamua wakuu wa nchi. Umoja wa Afrika ulimsimamisha Sudan Kusini Juni 2020 kwa madeni ya michango, kwa hiyo inawezekana Mwafrika kumbana Mwafrika mwenzake kwa kanuni na dunia isiishe.

Nini kifanyike. Mimi ningeanza na hela. ECOWAS kule Afrika Magharibi wana tozo ya nusu asilimia kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya yao, inakatwa hukohuko forodhani. Sisi mizigo yetu mingi inaingilia Mombasa na Dar, na forodha tayari inashirikiana taarifa tangu mfumo wa himaya moja ya forodha uanze 2014, hiyo tozo ingekatwa hapo ikaenda Arusha moja kwa moja, bila kusubiri hazina ya nchi yoyote ikumbuke kulipa. ECOWAS nao sio malaika, kuna nchi zilichelewesha kupeleka, na Mali, Burkina Faso na Niger zimejitoa rasmi Januari 2025, lakini sekretarieti yenye hela yake inaweza kumwambia rais kitu ambacho sekretarieti inayomuomba rais nauli haiwezi.

Pili mambo ya biashara yatolewe kwenye maafikiano. Vita, uanachama, shirikisho la kisiasa, hayo marais waamue kwa kukubaliana wote. Lakini kama mahindi yapite au yasipite, iamuliwe na watu wa viwango kwa kipimo, na nchi ikizuia mzigo bila kufuata utaratibu imlipe mwenye mzigo. Sheria ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha ipo, ila inaanza kwa kuziomba nchi zielewane zenyewe, maana yake inaturudisha kwenye simu. Ile miezi miwili iondolewe, na hukumu ya Arusha ya kulipa hela isajiliwe mahakama kuu ya nchi husika itekelezwe kama deni lolote lile.

Na hadi hayo yafanyike tusimpokee mwanachama mwingine, hata awe nani. Najua Ethiopia inatajwa tajwa na soko lake ni kubwa linatamanisha. Kila anayeingia sasa anaingia na kura yake ya hapana, na kadri meza inavyojaa ndivyo inavyokuwa ngumu kubadilisha haya niliyoyasema, kwa hiyo mlolongo sahihi ni kurekebisha kwanza alafu ndo kupanua.

Bunge la sasa la Afrika Mashariki lilianza Desemba 2022 na muda wake ni miaka mitano, maana yake mwishoni mwa 2027 wabunge wetu Dodoma watachagua tena tisa wa kutuwakilisha. Kila mara huwa tunajadili nani anatoka chama gani na nani anaongea Kiingereza vizuri. Safari hii wale wagombea waulizwe kuhusu tozo ya forodhani, kuhusu kutoa mambo ya biashara kwenye maafikiano, na kuhusu ile miezi miwili, wajibu mbele ya kamera, na majibu yao yahifadhiwe.